Kwa Nini Hodi Hunyamazishwa Kabla ya Kufuli

Palikuwa na wakati, wala si wa kale sana, ambapo waandishi wa programu za mitambo hawakujua kunyamazisha chochote. Ninyi mnaoingia karakana hii leo mnaikuta desturi imeshakaa, mnaifuata kama mtu avuavyo viatu msikitini, bila kuuliza nani alianza. Basi tegeni masikio, maana ilianzia kwenye damu.

Siku hizo karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, na mwandishi wake alikuwa Hidaya Semboja. Kazi yake ilikuwa kuandika viendeshi, yaani zile programu zinazokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, na kuzungumza na chuma chenyewe: injini, kipima kasi, kitufe chekundu cha kusimamisha. Chuma kikiwa na neno, hupiga hodi. Ishara hupita kwenye waya, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, huacha chochote inachofanya, hata kama imefika katikati, ikaitikie hodi kwanza. Ikimaliza ndipo irudi ilipoachia.

Hidaya aliiona hatari moja mapema. Kiendeshi chake na ile programu ya kuitikia hodi vilikuwa vikiandika kwenye kumbukumbu moja, na vikiandika kwa pamoja, namba zingevurugika. Akaweka kufuli: anayelishika anaandika, mwingine anangoja mpaka liachiwe. Alilijaribu kufuli hilo mara nyingi, likatii. Akaridhika.

Kompyuta yenye kiendeshi hicho, yenye prosesa moja tu, ikafungwa kwenye mtambo wa kuchakata mkonge. Msimamizi wa mtambo alikuwa Mzee Mbelwa, mtu aliyekula chumvi nyingi akilisha majani kwenye mashine zenye kelele kuliko hiyo. Alikizunguka kile kisanduku cha kompyuta, akakigonga kwa ukucha, kisha akamgeukia Hidaya.

“Hicho mimi sikijui, binti. Ninayemjua ni wewe.”

Miezi ikapita, singa, zile nyuzi za mkonge, zikatoka nyeupe, na watu wakasahau kwamba kisanduku kilikuwa kigeni.

Ikawa asubuhi moja Hidaya amekuja kuangalia kasi ya injini, amesimama mbele ya kioo cha kompyuta, mara akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa Mzee Mbelwa. Mkono wa shati lake ulikuwa umenaswa na majani, na mkanda wa kulishia mtambo ulikuwa unamvuta. Kwa mkono uliobaki alikuwa anapiga kitufe chekundu. Alikipiga, akakipiga tena. Mtambo ukaendelea kula.

“Hidaya! Haisimami! Haisimami, mwanangu!”

Hidaya akaganda. Macho yake yalikwenda kwenye kioo badala ya kwenda kwa mtu, na kwenye kioo namba ya kasi ilikuwa imetulia tuli, haipandi wala haishuki, kama jicho la samaki. Hakuweza hata kuinua mguu. Mwajabu, mama mmoja aliyekuwa akianika singa nje, ndiye aliyeingia mbio na kuivuta chini swichi kuu ya ukutani.

Mtambo ukasimama. Mzee Mbelwa alipoteza vidole viwili.

Hospitalini, Hidaya aliketi pembeni ya kitanda akikosa pa kutazama. Moyoni alikuwa na neno baya, akalitoa.

“Mzee, labda hukukibonyeza sawasawa.”

Mzee Mbelwa akamgeukia. “Nilibonyeza, Hidaya. Nilibonyeza huku nakuona umesimama.”

Hidaya alitoka pale. Alikwenda moja kwa moja karakanani kwa mwenzake Shekiondo, aliyechora nyaya za mtambo, wakaiunganisha kompyuta na taa badala ya injini. Shekiondo akabonyeza kitufe mpaka jua likawa la utosi. Kila mara taa ilizimika vizuri. Ndipo Hidaya akakifanya kiendeshi kichelewe makusudi ndani ya kufuli, kilishike kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Bonyeza.”

Shekiondo akabonyeza. Taa ikabaki inawaka. Kioo kikaganda vilevile.

“Mungu wangu,” alisema Shekiondo. “Nani anamngoja nani?”

Hidaya alikuwa ameshika kichwa. “Kiendeshi kilikuwa na kufuli mkononi hodi ilipopigwa. Prosesa ikakiacha, ikaenda kuitikia. Mwitikiaji akalitaka kufuli, akakuta limeshikwa, akangoja. Lakini aliyelishika hawezi kuliachia mpaka mwitikiaji amalize. Wangengojana mpaka kiama, Shekiondo. Nilidhani nimeweka ulinzi, kumbe nimetega mtego.”

Wakalifumua kufuli siku hiyohiyo. Sasa kiendeshi kingenyamazisha hodi kwanza, kisha kishike kufuli, kiandike upesi, kiachie, na kufungulia hodi tena.

“Na mtu akibonyeza hodi zimenyamazishwa?” Shekiondo aliuliza.

“Ishara haipotei. Inasimama mlangoni, na mlango ukifunguliwa inaingia. Ndiyo maana marufuku kuzubaa mle ndani.”

Shekiondo naye, kwa kuwa hakuamini tena programu peke yake, akavuta waya wa pili kutoka kitufe hadi kwenye umeme wenyewe.

Mzee Mbelwa alirudi kazini mkono ukiwa na bandeji. Alisikiliza maelezo yote bila kukatiza, kisha akasogea hadi kwenye kitufe chekundu na kuweka kiganja juu yake.

“Vizuri,” alisema. “Leo lisha wewe.”

Hidaya aliokota jani, akasimama mdomoni mwa mtambo unaonguruma. Alipolisukuma jani ndani, Mzee Mbelwa hakubonyeza. Akamwacha alishe la pili na la tatu, jasho likimtiririka, ndipo alipobonyeza. Mtambo ukasimama papo hapo, jani likiwa nusu ndani, nusu mikononi mwa Hidaya.

Na tangu siku hiyo, hakuna mwandishi wa karakana hii anayeshika kufuli linalotakiwa pia na mwitikiaji wa hodi kabla ya kuinyamazisha hodi hiyo, wala anayekaa ndani yake kwa starehe. Na kiendeshi kipya kikimalizika, jani la kwanza hulishwa na aliyekiandika, kwa mkono wake mwenyewe, na kitufe hushikwa na mtu mwingine.