Uji wa Moto Kwenye Mbege

Wapendwa, naona nikitaja pombe wengine mnaangalia chini. Inueni nyuso. Leo sisemi na walevi. Nasema na sisi tulio wazima kabisa.

Kulikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, huko mlimani, mashamba yao yamepakana. Tangu wamzike mama yao hawakusalimiana. Waligombea kipande cha ardhi, migomba kidogo na mparachichi. Ibada ikiisha, mkubwa alitokea mlango wa mbele, mdogo akatokea wa ubavuni. Ndiyo, walikuwa watu wa kanisani. Mnacheka nini?

Ikafika wakati yule mkubwa akaanza kuugua. Mdogo aliposikia, moyo ukamlemea. Akatuma mtu: "Mwambie kaka aje Jumamosi. Nataka tuyamalize." Kaka akajibu kwamba atakuja.

Sasa, kule kwao watu hawapatani mikono mitupu. Mwenye kuomba amani hupika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, huionja yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa kata. Kuionja ni kusema: ndugu yangu, sikukuwekea ubaya.

Mke wa yule mdogo alisifika kwa mbege. Ndizi zake zilikuwa zimechacha vizuri, amezichuja, zimo kwenye pipa. Uji wa kimea cha ulezi ameshauepua, akauacha upoe, akaenda kumjulia hali jirani aliyejifungua. Mume akabaki nyumbani na haraka yake. Alipoona mke anakawia, alibeba sufuria akaumimina uji wote ndani ya pipa, bado unafuka moshi.

Mke aliporudi akainama juu ya pipa, mvuke ukampiga usoni.

"Nani kamimina uji?"

"Mimi. Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Baba Aikaeli, umeiua pombe. Uji wa moto unaua chachu."

Na kweli. Mbege iliyo hai hutoa povu, ukisogeza sikio unaisikia ikinong'ona. Asubuhi yake pipa lilikuwa kimya kama kaburi. Baadaye likaanza kunuka ndizi zilizooza.

"Tuimwage," mke akasema. "Kaka akija tumweleze ilivyokuwa. Atakunywa maziwa."

"Maziwa? Nimemwita mtu tupatane, nimpe maziwa? Atasema hata kumpikia pombe nimeona ni kazi. Niachie, nitaitengeneza."

Akaitengenezaje? Akatia sukari. Pipa kimya. Akaenda kwa jirani kuomba mbege nzima, akachanganya, akitumaini iliyo hai itaiamsha iliyokufa. Wapi! Iliyokufa ikaiharibu na ile nzima. Mwisho akatia magome ya mti wa msesewe, yale machungu, mengi kupita kiasi, ili harufu ijifiche. Mke alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia taratibu, "Mume wangu, kusema bado ni rahisi kuliko hayo yote."

Jumamosi kaka akaja. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia, amejishikiza begani kwa mkewe. Kile kilima alikipanda kwa kupumzika pumzika. Wakaketi. Wakaulizana habari za watoto. Akatabasamu, wapendwa! Mtu aliyenuna miaka mingi akatabasamu.

Kata ikaletwa. Mdogo akaipokea, akaipeleka mdomoni. Harufu ikampanda puani. Akalowesha midomo tu, akajifuta, akainyoosha kata kwa mikono miwili. "Karibu, kaka."

Kaka hakuipokea. Alikuwa anamtazama koo.

"Hujameza."

"Nimekunywa, kaka."

"Hujameza, mdogo wangu. Onja tena."

Mnaona? Hapo hapo mlango ulikuwa wazi. Alipungukiwa nini isipokuwa neno moja, "Nimeharibu"? Lakini akaiona aibu, akaona ataonekana mjinga mbele ya shemeji yake, akapandisha sauti: "Kwani huniamini?"

Kaka akalishika bega la mkewe, akainuka. Hakugombana, hakuaga. Wakamwona akishuka kilima pole pole mpaka migomba ikamficha.

Hakuiona masika. Ugonjwa ule ule ukamchukua, lakini wanawe alikwisha kuwaambia: "Baba yenu mdogo alitaka kunimaliza." Siku ya maziko, ndugu walipoitwa kutia udongo, kifungua mimba wa marehemu akasimama mbele ya yule mdogo, aliyekwisha kuchota udongo wake, akamzuia. Ndipo yule bwana akalia mbele ya watu wote: "Haikuwa sumu! Ilikuwa pombe mbovu tu. Mimi ndiye niliyemwaga uji wa moto!"

Kijana akamtazama. Akasema, "Baba mdogo, mbona hukumwambia mwenyewe?"

Makoleo yakaendelea na kazi. Yeye akarudi nyumbani na udongo wake mkononi.

Sasa niwaulize. Ni kosa gani lililomkosesha ndugu yake? Ni uji? Uji ungesamehewa kwa kicheko! Sisi hatuangamizwi na tulichoharibu, tunaangamizwa na matengenezo. Tumemdharau mke, tunamletea kitenge. Tumemuumiza mtoto, tunamnunulia baiskeli. Tumemsengenya jirani, kanisani tunampa mkono kwa nguvu kuliko wote. Tunatia sukari, tunatia tena, halafu tunashangaa mbona yule mtu hapokei. Hapokei kwa sababu anatutazama koo! Anajua hatujameza. Na Mungu je, tunadhani hatazami?

Humu ndani wamo waliokwisha kuchelewa. Mnajijua, nami sina neno tamu la kuwapa leo, nitalia pamoja nanyi tu. Lakini mwingine ndugu yake bado yu hai. Pengine amekaa hapo, safu ya pili.

Kwaya, subirini kidogo. Hatutaimba kwanza. Mwenye neno lake la kusema na aondoke alipokaa, avuke, akaliseme. Tutangoja.