Kisanduku cha Deodati Kobero

Mpamba cha kukodi hurudi na mikono yake.

Mzee Lukwele aliyasema maneno hayo sokoni Nyandira, siku vijana watatu walipokuwa wakipaka rangi kibanda cha kunyolea walichokipanga, huku wakijadiliana kama watie na vigae sakafuni. Hakuwakataza. Aliisema methali yake, akaendelea kushona magunia ya karoti. Vijana wakaweka brashi chini, wakamwuliza imetoka wapi, maana shuleni hawakuisikia. Mzee akageuza ndoo, akaikalia.

Methali hii ilianza hivi, akasema, na haikutoka mbali. Ilianzia kwenye mlima huu huu tunaoukalia.

Palikuwa na dereva aliyeitwa Deodati Kobero. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, mwenye mazoea ya kuligusa gari kwenye boneti kabla ya kuliwasha, kama mtu anavyomgusa ng'ombe asimshtue. Kwa miaka kumi na mmoja aliendesha magari ya watu kwa posho ya siku, leo analo, kesho amenyang'anywa. Mkewe, Leokadia, alikuwa mfugaji wa mbuzi wa maziwa. Alianza na jike mmoja aliyepewa na mama yake, wakafika sita, na maziwa yao ndiyo yaliyowasomesha watoto.

Huko Morogoro mjini alikuwapo mfanyabiashara aitwaye Mzee Kisabo, mwenye pikapu tano za dizeli alizozikodisha kwa mikataba. Deodati alikwenda kwake akachukua moja, nyeupe, kwa miaka miwili. Kila mwezi alipe kodi. Mafuta na matengenezo ni juu yake. Kinachobaki ni chake. Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili paliandikwa kwamba gari litarudishwa kama lilivyochukuliwa. Deodati alipasoma, akadhani maana yake asilibonyeze.

Kabla ya kutia sahihi aliuliza kama mwishoni angeweza kuuziwa gari lile. Mzee Kisabo alikuwa akitafuta kalamu mezani.

"Tutaona, Mungu akijalia," alisema.

Maneno hayo hayakuandikwa popote. Deodati alikwenda nayo nyumbani, akamsimulia mkewe, na kila alipoyasimulia yalizidi kufanana na ahadi.

Ninyi mnaujua mlima ule unaotoka mtoni kabla ya kuanza kuteremka kwenda mjini. Wakati huo barabara ilikuwa mbaya kuliko sasa. Pikapu ikibeba kabichi za kujaa ilipanda kwa kunung'unika, na pengine ikagoma katikati, watu washuke wasukume. Mboga zilizochelewa zilifika mjini soko limeshapoa, zikauzwa kwa bei ya kuonewa huruma. Mwenye gari la kupanda mlima ule bila kusimama angekuwa na kazi mwaka mzima.

Deodati akasikia habari za kisanduku. Kilikuwa kitu cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichouzwa Dar es Salaam kwenye duka la vifaa vya magari. Kilifungwa kwenye nyaya za injini, nacho huiamuru injini ivute dizeli kwa namna nyingine, nguvu ikaongezeka. Alisafiri kwenda kukiona. Muuzaji alimwuliza ni gari gani, akamtolea kimoja kwenye boksi lake.

"Hiki kimepangwa kwa injini ya aina hiyo tu," alisema. "Ukikitia kwenye nyingine hakifanyi kitu."

Deodati aliyachukua maneno hayo kuwa sifa.

Bei yake ilikuwa milioni moja na laki mbili. Alirudi nyumbani akamweleza Leokadia, aliyekuwa akikamua. Mkewe hakuacha kukamua.

"Baba Prisca, hilo gari ni la nani?"

"Kwa miaka miwili ni letu."

"Na ikiisha?"

"Mzee amesema tutaona."

Leokadia alimaliza jike yule, akahamia kwa mwingine. Hakuwa mtu wa kubishana. Alimwuliza tu kama ana hakika, na mumewe akasema anayo. Jumamosi iliyofuata aliwafunga mbuzi wote sita kamba mwenyewe, akawashusha mnadani, akamtajia mnunuzi jina la kila mmoja na jinsi anavyopenda kukamuliwa. Aliporudi alimkabidhi mumewe fedha zikiwa ndani ya kitambaa, akaenda kufagia banda.

Fundi wa mjini alikifunga kisanduku kile. Ilibidi akate nyaya mbili tatu na kuziunga upya, kwa sababu plagi zake hazikulingana sawasawa. Deodati hakujali; alisimama karibu akitazama kila waya unavyoungwa. Siku ya kwanza alipoupanda mlima akiwa na magunia kumi na nane, hakubadili gia hata mara moja. Kule juu alisimamisha gari, akashuka, akalizunguka. Machozi yalimlengalenga, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Basi kuanzia hapo wakulima walimgombea. Walipanga foleni ya majina kwenye daftari la mwenye duka ili mboga zao zichukuliwe na Deodati. Watu wakaacha kusema pikapu ya Mzee Kisabo, wakasema gari la Kobero. Naye hakuwasahihisha. Aliongeza viti vya kitambaa kizuri, akabadilisha taa, akachomelea vyuma vya kuzuia mzigo ubavuni. Leokadia alipomwuliza lini watanunua jike mmoja, japo wa kuanzia, alisema gari kwanza, likishakuwa letu mbuzi watarudi.

Mkataba ukaisha mwezi wa Agosti. Deodati alivaa shati lake la kanisani, akaosha gari mpaka matairi, akaenda mjini. Mzee Kisabo alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai. Kisha akamwambia kwamba gari lile amempa kijana mmoja, Patriki, mwenyeji wa huku huku kwetu Mgeta, kwa kodi ya juu zaidi.

"Lakini mzee, ulisema tutaona."

"Ndiyo, kijana wangu. Nimeona. Nimeona gari linafanya kazi sana."

Deodati aliushika mdomo wa kikombe, akauzungusha. Akasema kwamba kama ni hivyo, basi atachukua kisanduku chake, maana amekinunua kwa fedha yake. Mzee Kisabo hakukataa. Alisema chukua, tena uchukue kila kilicho chako, gari lirudi kama lilivyokuwa.

Viti vilikuwa vimekatwa kwa kipimo cha gari lile, na vyuma vilikuwa vimechomelewa. Ukivitoa unapata vitambaa na vyuma chakavu. Akaviacha. Kisanduku alikifungua mwenyewe, akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni. Ndipo fundi wa Mzee Kisabo alipoziona nyaya zilizokatwa. Akaziunga kwa muda, akasema seti nzima ya nyaya itabidi ibadilishwe, na mkataba ulisema uharibifu ni juu ya mkodishwaji. Deodati akaomba apewe wiki mbili. Alikuwa na hesabu yake kichwani: kisanduku atakiuza, hata kwa nusu ya bei, atalipa nyaya, na kitakachobaki kitanunua majike mawili.

Wiki ya kwanza alizunguka gereji zote za Morogoro. Mafundi walikigeuza mikononi, wakakisifu, wakamrudishia. Magari mengi ya mlimani yalikuwa ya zamani, injini zake hazina kompyuta, na kitu kile kwao kilikuwa sawa na kufuli lisilo na mlango. Wenye magari ya aina ile walikuwa mashirika, na dereva wa shirika hawezi kugusa waya. Mwishoni akaenda Dar es Salaam, kwenye duka lile lile. Muuzaji alimkumbuka.

"Ndugu yangu, mimi nauza vipya," alisema. "Kilichotumika hakina dhamana. Nikimuuzia mtu kikamharibia injini, nitamjibu nini? Nenda, labda utampata mwenye gari kama lile."

Deodati alikaa stendi na kisanduku mkononi, akawaza ni nani mwenye gari kama lile. Jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza.

Huko mlimani, Patriki alikuwa akihangaika. Gari lile alilolisikia likisifiwa lilimgomea mlimani siku ya pili tu, magunia yakashushwa njiani. Wakulima walimwuliza amelifanya nini gari la Kobero. Akampigia simu Mzee Kisabo, na Mzee Kisabo akampigia Deodati, akamwambia aje na kile kitu chake.

Deodati aliposikia, moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Akamwambia mkewe kwamba mnunuzi amepatikana. Leokadia akampigia pasi lile shati.

Walikutana kwenye uwanja wa magari, Mzee Kisabo, Patriki na yeye. Deodati alitaja laki sita. Mzee Kisabo alitabasamu bila ubaya, kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu.

"Umekizungusha wapi na wapi?"

Deodati alikitoa kisanduku mfukoni.

"Nimesikia umefika mpaka Dar. Hakuna aliyekitaka. Si kwa sababu ni kibaya, la. Ni kwa sababu gari lake ni hili."

"Mzee, nilikinunua milioni na ushei. Mke wangu aliuza mbuzi."

"Nakuamini. Lakini mimi sikukutuma, Deo. Ungeniuliza siku ile, ningekuambia usijisumbue." Akanyoosha mkono. "Nyaya zangu umezikata. Tufanye hivi: kisanduku kibaki, nyaya nakusamehe, na kila mtu aende zake."

Patriki alitazama pembeni. Deodati alikipima kisanduku kiganjani. Alifikiri kukitupa chini akikanyage, wakose wote. Kisha akazifikiria nyaya zile, na fedha asiyokuwa nayo, na Prisca aliyekuwa amebakiza muhula mmoja. Angekivunja, angebaki na deni na fahari. Akamwekea Mzee Kisabo kisanduku kwenye kiganja.

Fundi alijaribu kukirudisha, gari likawaka likazima, likawaka likazima. Pale hakuna aliyejua nyaya zile ziliungwa vipi isipokuwa mtu mmoja. Wote wakamtazama. Deodati akakunja mikono ya shati la kanisani, akainama ndani ya injini, akakifunga kwa mikono yake mwenyewe. Ilimchukua dakika kumi. Gari likanguruma vile alivyolizoea.

Hakuwa na nauli ya kutosha, na Patriki alikuwa anarudi Mgeta na mzigo wa saruji. Alimfungulia mlango kwa aibu.

"Panda mbele, kaka."

Walipofika kwenye mteremko wa mto, na mlima wa ng'ambo, wa kupandia Mgeta, ukasimama mbele yao, Patriki alianza kushusha gia, kwa hofu ya siku zile.

"Iache kwenye gia namba mbili," Deodati akamwambia. "Litapanda."

Patriki akaiacha. Gari likapanda, laini, bila kusita, saruji yote mgongoni, na wanawake waliokuwa wakipalilia njegere kando ya barabara wakainua vichwa wakapunga mikono. "Kobero huyo," mmoja alisema. Deodati hakupunga. Aliigandamiza mikono yake katikati ya magoti mpaka wakafika juu.

Leokadia alimkuta mumewe amekaa kwenye gogo nje ya nyumba. Alimtazama mifukoni, akamtazama usoni.

"Wamekupa nini?"

Akaifungua mikono, akamwonyesha. Ilikuwa bado na grisi. Mkewe alileta maji na jivu, akamnawisha kidole kimoja kimoja, wala hakusema neno. Wanasema afadhali angesema. Mwaka ule Prisca hakuumaliza muhula wake, na Deodati akarudi kuendesha magari ya watu kwa posho ya siku. Patriki, nasikia, alilishika gari lile miaka mitano.

Asubuhi ya pili Leokadia alipokwenda kununua maziwa, maziwa ya kununua, yeye aliyekuwa akiwauzia wengine, wanawake wenzake walimwuliza mumewe amerudi na nini kutoka mjini. Alikuwa akimimina maziwa kwenye chupa, akaangalia yasimwagike.

"Amerudi na mikono yake," alisema.

Maneno hayo yalitembea. Mtu akitaka kuchimba kisima kwenye kiwanja cha kupanga, akaambiwa. Mwingine akitaka kuezeka upya duka la watu, akaambiwa. Wa kwanza walisema mkumbuke Kobero. Waliofuata hawakumjua Kobero, yakabaki maneno matupu bila jina la mtu, na hapo ndipo yalipokuwa methali.

Mzee Lukwele akainuka kwenye ndoo, akashika sindano yake ya magunia. Mmoja wa vijana aliuliza kama Mzee Kisabo hakuona haya. Mzee alisema hajui. Alichojua ni kwamba mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, na kwamba mtu anaweza kuupenda mlango, na dirisha, na injini, na visimpende. Vijana walikitazama kibanda, nusu kijani, nusu udongo.

"Sasa mnaijua," mzee akasema. "Mpamba cha kukodi hurudi na mikono yake."