Mbuzi wa Maabara Isiyo na Ajali

Someni mpaka mwisho, halafu mtumieni bosi wenu. Ndiyo, huyo huyo.

Chuo kimoja kilikuwa na desturi yake: kila mwaka, maabara isiyoripoti ajali hupewa mbuzi. Maabara ya Profesa Mkilindi, iliyochunguza vimelea vya kifua kikuu, ilikuwa haijawahi kumkosa. Bado kidogo tu watundike pembe ukutani.

Siku moja mwanafunzi wake, Tulinagwe, alifungua mashine ya kuzungusha sampuli, akakuta kichupa kimepasuka ndani. Akafunika hapo hapo.

"Tokeni wote. Nafunga mlango. Hewa itulie kwanza, ndipo turudi na barakoa na dawa tusafishe."

Kwenye korido mwenzake Juvenali akamvuta mkono. "Dada, si ungefuta tu kimyakimya? Unataka tukose nyama?"

"Hiyo nyama utaila unakohoa?"

Akaenda kuripoti. Profesa hata hakumuuliza kama ameivuta ile hewa.

"Miaka yote hii, wewe ndiye wa kunichafulia jina? Katafute maabara nyingine."

Utafiti wake ulikuwa nusu. Kuhitimu kukaota mbawa.

Mwaka ule mbuzi akaenda kwa jirani. Mwaka uliofuata akarudi, maana hakuna aliyeripoti tena hata tone. Profesa alikata ini kwa kisu chake mwenyewe, akasema, "Mnaona? Hii ndiyo nidhamu."

Kisha akaanza kukohoa. Vumbi, alisema. Akakonda, kola ikawa inamcheza shingoni. Alipopimwa, kilikuwa kifua kikuu, tena cha aina ile ile iliyofungiwa kwenye vichupa vyake.

Akawaita wanafunzi uwanjani, akasimama mbali nao, amevaa barakoa.

"Leo hii wote mnakwenda kupimwa. Lakini nataka kujua. Nani alivunja kichupa akanyamaza? Simfukuzi mtu."

Juvenali akanyoosha mkono. Akafuata mwingine. Halafu mwingine, akiangalia chini. Mwishowe uwanja mzima ulikuwa mikono juu, kama wanapiga kura.

Profesa akatafuta pa kukaa. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Uliambiwa, Profesa," Juvenali akajibu. "Aliyekuambia ulimfukuza."

Funzo: Ukimwadhibu anayesema kimemwagika, hujazuia kumwagika, umejiziba masikio tu, na kijidudu hakipigi hodi kwa sababu wewe ni profesa.