Kaa Alivyomtoa Gayogayo

Paukwa, jamaa mlioketi.

Pakawa, tumetulia tunakusikiliza.

Hapo kale, kale sana, samaki na watu wakisemezana, Bi Saumu alikuwa akimuuguza mama mkwe wake. Mgonjwa alikataa uji, akakataa mchuzi.

"Mwanangu," alisema, "ningepata samaki gayogayo, ningekula."

Bi Saumu akateremka pwani maji yalipokupwa. Akatafuta, asione kitu. Akamkuta Kaa, akamkamata.

"Niache, mama," Kaa akasema. "Ukiapa kwamba hutanila, nitakufundisha kumpata gayogayo."

Bi Saumu akaapa.

"Amelala chini, bapa, rangi yake ni ya mchanga. Tafuta macho. Yote mawili yako upande mmoja, yamekaribiana. Ukiona mkia mrefu wenye mwiba, huyo ni samaki taa, mpishe. Usinyanyue miguu, iburure. Ukimhisi gayogayo, mkanyage nyuma ya kichwa, kisha mshike matamvuani, pale anapopumulia."

Bi Saumu akaburura miguu. Akaona umbo bapa lenye mkia mrefu. Akalipisha. Akaona umbo la pili. Kumbe ni alama tu, mwenyewe kashaondoka. Mara ya tatu akaona macho mawili madogo, yamekaribiana, yanamtazama. Akakanyaga.

Gayogayo akafurukuta, kisha akatulia.

"Mama, sikutikisika hata kidogo. Nani kakuonyesha?"

Bi Saumu aliona haya kumdanganya anayekwenda kufa.

"Ni Kaa."

"Kaa?" Gayogayo akasema taratibu. "Mimi nikifukua mchanga, yeye hula minyoo inayotoka. Maji yakichafuka, yeye hujificha humo. Hakuniambia kama nimemkosea."

Bi Saumu akamchukua nyumbani, akampika.

Mama mkwe alikula, akapata nguvu, akaketi. Bi Saumu alifurahi, lakini kila akipita pale pwani aliyakumbuka maneno ya Gayogayo. Kiapo chake alikishika, hakumgusa Kaa.

Huku Kaa akaona njaa. Mchanga haukufukuliwa, minyoo haikutoka. Akaenda mbali kutafuta, kwenye maji maangavu yasiyo na pa kujificha. Korongo akamwona.

"Niache," Kaa akasema. "Bi Saumu ameapa hatanila."

"Bi Saumu ndiye aliyeapa," Korongo akajibu. "Mimi hukuniapisha." Akammeza.

Basi, jamaa zangu, ukitaka kumtoa jirani ili wewe upone, keti kwanza ufikiri ni mangapi unayoyapata kwa sababu yeye yupo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi.