Fulana za Mama Kindi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nani?
— Pakawa na mdogo na mkubwa!
Mkubwa akafanyaje?
— Akala cha mdogo!
Mdogo akanyamaza?
— Wapi!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema kwanza, maana ngano hii nina hasira nayo. Kila nikiianza najiambia leo nitaisimulia kwa kucheka, na kila nikifika kwa Kiboko damu inanichemka. Mtanivumilia.

Hapo kale, tena si kale sana maana simu zilikuwepo, paliondokea Kindi. Kindi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili Chuo cha Bondeni, akisomea ualimu. Mwili mdogo, mkia mkubwa, na mkono mwepesi wa kuchora kuliko mkono wowote pale hosteli. Mhadhara ukimchosha, anachora. Foleni ya chakula ikiwa ndefu, anachora. Wenzake wakamwambia, "We Kindi, michoro yote hii inaozea daftarini? Si uiweke kwenye fulana tununue!"

Kindi akafikiri. Duka hana. Mtaji wa kujaza fulana chumbani hana, na chumba chenyewe wanalala wanne. Akasema, kwani lazima nichape kabla sijaulizwa? Nitaonyesha michoro kwenye simu. Anayependa ataagiza. Akishaagiza ndipo ichapwe, moja yake, kwa kipimo chake. Hakuna oda, hakuna fulana. Hakuna fulana, hakuna hasara.

Biashara ya pembeni hiyo, haigombani na vipindi. Kilichobaki ni mashine ya kuchapa. Na mashine bonde zima ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Kiboko.

Mnamjua Kiboko? Tumbo kule, kichwa huku, na mdomo akiufungua unadhani mtu kafungua mlango wa ghala. Alikaa kando ya mto. Alikuwa na ghala la matikiti, ghala la miwa na ghala la karanga, na karanga hata hali. Mnasikia? Hata hali! Alizifungia tu ili wengine wasile.

Wakaelewana. "Mchoro wako, mashine yangu," akasema Kiboko. "Kila inayotoka unanilipa. Sawa, binti?"

"Sawa, mzee. Ila mchoro unabaki wangu. Ukishachapa, unaufuta."

"Naufuta."

Kazi ikaanza. Oda inaingia, ting! Kindi anatuma mchoro. Mashine inalia, kacha-kacha-kacha, pwaa! Fulana inatoka. Kindi anaikwapua, churrr! mpaka kwa mteja. Twiga akaagiza yenye shingo ndefu. Ting! Kacha-kacha-kacha, pwaa! Churrr! Nungunungu akaagiza yenye matundu mgongoni. Ting! Kacha-kacha-kacha, pwaa! Churrr! Biashara ikanoga, na vipindi hakukosa.

Sasa, Kindi alikuwa na mama. Nasema alikuwa, kwa sababu mama alifariki masika yaliyopita, ghafla, Kindi akiwa kwenye mitihani. Hakuwahi hata kumzika. Nyumbani alibaki bibi yake, macho yamefifia, na siku moja bibi akapiga simu. "Mjukuu wangu, sura ya mwanangu inanipotea. Nichoree, niivae kifuani."

Kindi akachora. Akachora pengo la meno ya mbele. Akachora tabasamu la upande mmoja. Akachora sikio lililokatika ncha, na mkia mkubwa ukichungulia begani. Alipomaliza mama alikuwa anamtazama, na Kindi akalia peke yake, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akaweka oda, mteja akiwa yeye mwenyewe: fulana moja, ya bibi.

"Mzee, hii ni moja tu," akamwambia Kiboko. "Huyu ni mama yangu, marehemu. Ukishachapa, futa."

"Nafuta, binti, nafuta. Pole sana."

Kacha-kacha-kacha, pwaa! Fulana ikaenda kwa bibi, bibi akaivaa, akashukuru.

Haukupita muda, Kindi akaingia kantini ya chuo kunywa uji. Mbele yake kwenye foleni alikuwa Ngedere, mwanafunzi mwenzake, amevaa fulana mpya. Ngedere akageuka. Kindi akaona pengo. Akaona tabasamu la upande mmoja. Akaona sikio lililokatika ncha. Na chini ya kidevu cha mama yake, kwa herufi nyekundu kubwa: NIPE KARANGA!

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwa Kiboko. Zipo tele! Huyu bibi ana pengo la hatari, eti?" Ngedere akacheka mpaka uji ukamtoka puani, akanyanyua fulana, akajifutia pua kwa uso wa mama Kindi.

Kindi akatoka nje. Nyumbu amevaa mama. Pundamilia amevaa mama. Nyati, kundi zima, wamevaa mama. Kule dimbwini Ngiri amelala kifudifudi na fulana yake, na mama yuko chini, uso kwenye tope, na Ngiri anajikuna juu yake, kwaru, kwaru, kwaru.

Akakimbia mpaka mtoni. "Kiboko! Toka!"

Bwata! Kiboko akaibuka.

"Uliniambia umefuta!"

"Mashine ya nani?" akauliza Kiboko.

"Yako."

"Wino wa nani?"

"Wako."

"Kitambaa cha nani?"

"Chako."

"Basi na kilichochapwa ni changu. Wewe ulinichapisha moja, mimi nimechapa nyingi, tena nimekupambia na maneno. Ungesema asante."

"Ni mama yangu!"

"Kwani mama yako ana haja na sura? Si ameshakufa?" Buuu! Akacheka, akazama, mapovu yakabaki.

Jamani. Hapo ndipo mimi hushindwa kuendelea. Ameshakufa! Mtu mzima na akili zake anamwambia yatima maneno hayo, halafu anaoga! Ningekuwa na meno ya mamba ningeingia mtoni mwenyewe. Wapo wengi wa aina hii, msidhani ni ngano tu. Nipeni maji ninywe.

Haya. Kindi naye hakuwa na meno ya mamba. Alipanda juu ya mti akaguguna tawi mpaka ufizi ukauma. Akasema, pesa zake sizitaki, akae nazo. Namtaka mama yangu atoke matopeni. Namtaka arudi mikononi mwangu, wote, mmoja mmoja. Lakini nitazivuaje fulana za bonde zima? Nyati nitamvua mimi?

Akakaa na hasira yake, akaiangalia. Na hasira ikiangaliwa vizuri huwa inasema. Ikamwambia: Kindi, hapa kwetu sura ya marehemu huvaliwa kwenye fulana wakati gani? Wakati wa msiba. Kiboko amelivalisha bonde zima sare ya msiba. Kinachokosekana ni nini? Ni msiba wenyewe.

Kindi akashuka, churrr! mpaka kwa Bi Korongo. Bi Korongo alikuwa mwenyekiti wa kamati za misiba, bonde zima, hata akialikwa harusini huuliza turubai liko wapi.

"Bi Korongo, huna habari? Kwa Kiboko kuna msiba."

"Msiba? Bila kamati?"

"Fulana za marehemu zimeshachapwa, kila mtu anayo. Wewe tu hukupewa."

Bi Korongo akanyanyuka, shingo imesimama. Kukoseshwa fulana kulimuuma kuliko kifo chenyewe. Akapiga mbiu bonde zima: "Mwenye fulana ya marehemu aje kwa Kiboko! Njooni na mikeka! Njooni na masufuria! Chakula kipo kwa mwenye msiba!"

Wakaja. Nyumbu wakaja na mikeka. Pundamilia wakaja na masufuria. Nyati wakaja na turubai. Ngiri akaja na tope lake. Wote kifuani mama Kindi, wote na aibu, maana walikuwa wamecheka na kumbe ni marehemu.

Kiboko akawaona kwa mbali, akafurahi. "Karibuni wateja!"

"Uuuwiii!" wakamwangukia. "Uuuwiii! Pole, Kiboko! Ulikuwa unalia peke yako!"

Turubai likafungwa, moto ukawashwa, ghala la matikiti likafunguliwa na vijana wa Nyumbu, maana msibani mfiwa haulizwi ufunguo. Pwaa, pwaa, pwaa, matikiti yakapasuliwa. Kiboko akapiga kelele, "Nyie! Nyie! Hapa hakuna msiba!"

Bi Korongo akainamisha shingo mpaka mdomo ukamgusa Kiboko pua. "Hakuna msiba? Na huyu aliye kifuani kwetu ni nani?"

Nyati wakasogea. Pembe zao mnazijua.

Kindi alikuwa amesimama mlangoni, kadogo, macho makavu. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sema, Kiboko. Marehemu ni nani wako?"

Kiboko akamtazama Kindi. Akatazama pembe. Akawaza: nikisema simjui, wataniuliza sura nimeiiba wapi, na kwa nini nimewauzia maiti ya watu kwa kicheko. Jasho likamtoka, jekundu, kama linavyomtoka kila kiboko.

"Ni... ni dada yangu," akasema.

"Uuuwiii! Dada!"

"Kwa baba au kwa mama?" akauliza Bi Korongo.

"Kwa baba."

"Na mkia ule?"

"Ule... wa upande wa mama yake."

"Na haya maneno, Nipe Karanga?"

"Maneno yake ya mwisho."

Basi hapo kilio kikapanda upya. Marehemu aliomba karanga, amekufa hajaonja! Bi Korongo akaamuru palepale, karanga zitolewe sadaka. Ghala likafunguliwa. Kafu-kafu-kafu, bonde zima likatafuna, wakubwa kwa watoto, na Kiboko anaangalia kwa jicho moja, jingine amelifumba.

Alipofikiri yamekwisha, Kindi akaruka kutoka mlangoni, akamkumbatia shingoni. Alikumbatia kwa kucha.

"Mjomba!"

"Nani mjomba?" Kiboko akashtuka.

"Marehemu si dada yako? Mimi ni mwanawe, mwulizeni bibi yangu. Mjomba wangu, niko yatima, na wewe upo!"

Bi Korongo akafuta machozi kwa bawa. Alipenda misiba, lakini huu ulikuwa bora.

Msiba ukakaa kama misiba inavyokaa. Matikiti yakaliwa, miwa ikaliwa. Mashine ilinyamaza, maana nyumba ya msiba haifanyi kazi. Kiboko akaketi juu ya mkeka akipokea pole, na kila pole aliijibu, "Nimeshapoa," na kila akijibu Kindi alimtazama.

Siku ya kuanua tanga Bi Korongo akasimama. "Marehemu ameacha nini?"

"Ameacha mtoto!" wakaitika.

"Mtoto ana kazi gani?"

"Anasoma! Tena anachora fulana!"

"Mashine anayo?"

"Mjomba wake anayo!"

Shingo zote zikageuka. Ikaamuliwa mashine ataitumia mpwa, bila kulipishwa, na mjomba atakuwa anaizungusha kwa mkono wake, kwa ajili ya marehemu dada.

"Na sasa," akasema Bi Korongo, "sare za msiba zivuliwe, apewe mtoto wa marehemu."

Wakapanga mstari. Nyati akavua, akakunja, akampa Kindi. Pundamilia akavua, akakunja, akampa. Ngedere akavua, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, nilijifutia pua." Kindi akapokea. Wa mwisho alikuwa Ngiri. Ile ya Ngiri uso ulikuwa hauonekani kwa tope. Kindi akaibeba mpaka mtoni, akaifua peke yake, taratibu, kwanza sikio, kisha tabasamu, kisha pengo, mpaka mama akatokea. Hapo akalia kwa mara ya pili.

Watu walipoanza kutawanyika Kiboko akamvuta pembeni. "Binti, sura zako umepata, mashine umepata. Tuyamalize. Mimi si mjomba wako."

"Najua."

"Na yule hakuwa dada yangu."

"Najua sana. Waite uwaambie."

Kiboko akachungulia nje. Nyati walikuwa bado wanakunja turubai. Akarudi mkekani.

Msidhani Kindi alisamehe. Wapo waliomwambia, "Sasa yameisha, cheka basi," akawatazama tu. Biashara aliendelea nayo. Oda ikiingia, ting! mjomba anachapa, kacha-kacha-kacha, pwaa! na mpwa anasimama karibu na kumtazama mpaka mchoro ufutwe, ndipo churrr! Na kila asubuhi, akipita mtoni kwenda chuoni, pale penye watu wengi, anapiga goti na kuita kwa nguvu, "Shikamoo, mjomba!"

Kiboko anazama. Watu wanangoja. Mwisho pumzi inamwishia, anaibuka, na mbele yao wote inambidi aseme, "Marahaba, mwanangu."

Mnataka fundisho? Haya. Wanafunzi, kaeni na madaftari yenu, biashara waachieni wenye mashine. Mkubwa akikuchukulia chako usikasirike, mshukuru kwa kukutangazia. Na nyinyi wenye mashine, msiogope kuchapa sura za marehemu wa watu. Ni njia nzuri sana ya kupata ndugu.

Ngano nimeikunja, nimeitia kwapani. Aliyecheka aende na kicheko chake. Hasira niachieni mimi, bado naitumia.