Bata Jike wa Nakundwa

Sogeeni karibu. Kesi ninayo, hakimu ndiye sina.

Kwenye mashamba ya mpunga kule Kahe walikuwapo majirani watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Elieta alijaliwa masikio: mtoto akilia nyumba ya tatu, yeye alijua kama ana njaa au ameanguka. Mbonea alijaliwa mikono. Matete yaliyowashinda wenzake aliyasuka yakakazana kama ukuta. Zipora alijaliwa subira, hata watu wakasema angeweza kuinjika jiwe na kungoja liive.

Jirani yao Nakundwa alifuga bata. Kati ya wote alimpenda mmoja wa kahawia, mzawa wa bata aliyepewa na marehemu mama yake siku alipoolewa. Bata huyo sasa alikuwa mzee na hakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai. Kila alipototoa, bata wakubwa waliwavamia vifaranga, wakawadonoa na kuwazamisha majini. Nakundwa aliwazika huku akijiuliza ndege mzima anamchukia vipi kifaranga asiyemfanyia lolote.

Mayai yalipopasuka tena, aliogopa hata kufurahi. Akawaambia majirani zake, "Atakayenisaidia hawa wakue, jike wa kwanza ni wake."

Kesho yake Elieta alikuwa akipalilia mpunga aliposikia vifaranga wakilia. Vifaranga hulia kutwa, lakini kilio hiki kilikatika katikati, kama kilichozibwa. Akaacha kazi, akakimbia hadi mferejini. Alikuta dume mkubwa amemkanyaga kifaranga chini ya maji, na wenzake wamebanwa ukingoni. Akamng'oa dume yule kwa mikono, naye akamparura mpaka kiwikoni. Vifaranga wote aliwarudisha hai ndani ya khanga yake.

Mbonea hakungoja kuombwa. Alikata matete, akasuka uzio kando ya banda, akamweka mama na watoto wake ndani. Dume akauzunguka, akausukuma kwa kifua, akajaribu kupenya kwa chini. Hakufua dafu, kwani Mbonea alikuwa ameuchimbia uzio ardhini.

Nakundwa akadhani yamekwisha. Zipora ndiye aliyemuuliza, "Na siku utakapoufungua?"

Bata hawezi kukaa kifungoni maisha yake yote, na wale wakubwa bado waliwaona wadogo kuwa wageni. Basi kila jioni Zipora alikuja na pumba, akazimwaga pande zote mbili za uzio, wakubwa na wadogo wakala huku wakitazamana. Mwanzoni dume aliziacha pumba akadonoa matete. Zipora hakumfukuza, aliketi tu. Wiki zikapita, na siku moja Nakundwa akaona kifaranga amelala ameegemea uzio, na upande wa pili dume naye amelala. Alisimama pale muda mrefu akiwatazama. Uzio ukafunguliwa, na hakuna aliyedonolewa.

Vifaranga wakakua, ikawezekana kuwatambua. Huyu dume, yule dume, na yule pia. Jike alikuwa mmoja tu.

Majirani wale hawakugombana, na hapo ndipo kesi ilipozidi ugumu. Elieta alisema kwa upole kwamba bila yeye Mbonea angewajengea wafu uzio. Mbonea akakubali, ila akauliza kama si uzio, dume angeshindwa nini kurudi jioni ile ile? Zipora alisema kazi zao zote zilikuwa za kuahirisha kifo; yeye ndiye aliyekiondoa. Nakundwa aliwasikiliza mmoja mmoja, na kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka mwenzake alipofungua kinywa.

Elieta akashauri wangoje jike atage, kisha wagawane watoto wake.

"Atage nyumbani kwa nani?" akauliza Nakundwa.

Yeye mwenyewe alimtamani. Alikuwa amemshika kifuani, jike mchanga wa pekee wa uzao wa bata wa mama yake, moyo wake ukidunda chini ya manyoya. Lakini ahadi aliitoa kwa kinywa chake, na watatu walikuwa wamesimama mbele yake wakingoja.

Mikono ile ingekuwa yako, ungeinyoosha kwa nani? Nambie, na unambie kwa nini.