Hodi ya Mwinyikombo

Hapo zamani, na asiyetaka habari za vita aende akalale, mimi sibembelezi mtu, mji wa Mwandeo ulizingirwa. Aliyeuzingira ni Mwinyikombo wa Shanjani, jemadari aliyevunja kuta za miji mingi mpaka watoto wakawa wanatishwa kwa jina lake. Wala hakuwa na haraka. Alisikia kwamba kisima cha Mwandeo kinakauka, basi akakaa nje na jeshi lake, akaiacha kiu imfanyie kazi.

Mlango mdogo wa ukuta, ule wa wachanja kuni, ulilindwa na mjane aitwaye Mwanamtama. Mwanawe wa pekee, Shomari, aliuawa juu ya ukuta kwa mkuki wa Mwinyikombo mwenyewe. Alikata roho mikononi mwa Pandu, jemadari wa mji, na Pandu akamwapia: "Nitamletea mama yako kichwa cha aliyekuua."

Sasa sikilizeni kosa, kosa la watu wa Mwandeo peke yao. Asubuhi moja Mwanamtama anapepeta mtama, mawazo yako mbali, mara akasikia nje:

"Hodi!"

"Karibu!"

Lahaula! Mdomo umeshaitika, mkono umeshafungua komeo, akili ndiyo kwanza inafika. Mtu akaingia, hana silaha, kajifunika shuka kuukuu kichwani. Shuka likateleza. Sikio la kushoto hana. Na mji mzima ulimjua asiye na sikio.

"Nilijua tu," Mwinyikombo akasema, anacheka. "Watu wa Mwandeo hata ukiwakaba koo wataitika karibu. Siamini wapelelezi. Nimekuja kukitazama kisima chenu kwa macho yangu, na jeshi langu halisogei mpaka nirudi."

Maana sheria ya mji ilikuwa hii: aliyeitikiwa karibu haguswi ndani ya ukuta. Lakini pia haondoki mpaka aage, na mwenyeji amruhusu.

Pandu akaja mbio, upanga nje. "Mama, kaa kando! Neno lililoponyoka si neno."

 Mwanamtama anamchukia mtu yule, anamchukia mpaka meno yanamuuma. Lakini akasimama katikati. "Limetoka kinywani mwangu, Pandu. Upanga wako upite kwangu kwanza."

Pandu akaurudisha upanga alani. Akalia, jemadari mzima, mbele za watu.

Mgeni akapewa maji. Yalikuwa tope. Akayatazama, akatabasamu, akainuka. "Mama, naaga."

"Ah, wapi! Mgeni haondoki na njaa. Kaa."

Akala. "Mama, naaga."

"Na jua kali hili? Kaa."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, huyu anaaga, huyu anasema kaa. Nje jeshi linangoja. Ndani Pandu kaketi kizingitini, hali, halali. Siku ya tatu Mwanamtama akaja na kitu, akakitupa miguuni pa mgeni. Jembe.

Mnacheka nini? Si mnaijua wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Twende kisimani," akamwambia.

"Nimekula chumvi yako, siwezi kukataa," Mwinyikombo akajibu. "Nitawachimbia. Angalau kaburi lenu litakuwa refu."

Wachimbaji wa mji walikuwa hoi kwa kiu. Yeye alikuwa na mikono iliyozoea kuangusha kuta. Akachimba, akafika kwenye mwamba, akautukana, akaupasua. Maji yakabubujika mpaka yakamfika kifuani. Akatoka kalowa chapachapa, hacheki tena.

"Mama, naaga."

Mwanamtama akaliokota jembe. "Hujaniuliza mwanangu aliitwa nani. Aliitwa Shomari. Haya, kwaheri."

Pandu akaruka nje ya mlango, kule ambako sheria haifiki. Lakini Mwanamtama naye akatoka. "Mgeni husindikizwa," akasema, akatembea ubavuni mwa muuaji wa mwanawe mpaka nusu ya njia. Pandu hakupata pa kupiga.

Kambini, ambako chakula kilikuwa kinakwisha, askari wakamuuliza Mwinyikombo: "Kisima chao vipi?" Angeweza kusema uongo. Akasema: "Kimejaa. Nimekichimba mimi." Wakamzomea, wakamwita msaliti, wakafunga mizigo wakaondoka. Mwandeo ukapona.

Malkia Mwana Shali akaitoa siwa, lile baragumu kubwa la pembe. Siwa hupigiwa mtu mmoja tu, na anayepigiwa hupewa neno moja lisilopingwa na yeyote, hata malkia. "Nani kauokoa mji?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Mwanamtama. "Nilimpikia aliyeniulia mwanangu. Nilimsihi akae! Mnadhani ilikuwa rahisi? Bila neno langu na jembe langu, leo mngekuwa mnalamba mawe."

"Ni mimi," akasema Pandu. "Upanga ulikuwa tayari mkononi. Ningeushusha, nani angechimba? Nimekivunja kiapo nilichomwapia maiti kwa ajili yenu, na sasa silali. Nipigieni siwa. Neno langu mnalijua: nataka kile kichwa."

Kabla malkia hajajibu, sauti ikatoka nje ya mlango mdogo:

"Hodi!"

 Watu wa Mwandeo, kwa mara ya kwanza, wakafunga midomo.

"Maji mnayokunywa nimeyachimba mimi," ikasema sauti ya Mwinyikombo. "Na kwa kuwa niliwaambia kweli kambini, nimekosa jeshi, nimekosa kwetu. Wale waliokuwa watu wangu wananifuata waniue. Siwa ni yangu, na neno langu ni moja tu: nataka kuitikiwa. Hodi!"

Pandu akauchomoa upanga. Mwanamtama akajiziba mdomo kwa mikono miwili, maana ulikuwa umeshaanza kufunguka wenyewe.

Na hodi, mnajua, ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mtu huenda zake. Mpiga siwa keshaiweka pembe mdomoni, anamtazama malkia. Malkia anawatazama nyinyi. Msinitazame mimi, yangu nimeyamaliza. Je, nani alistahili kupigiwa siwa? Semeni upesi, mtu yuko mlangoni.